Kutoka Masjala hadi Kioo cha Simu: Historia ya Uhusiano wa Kidhibiti Faili na Kisomaji Hati, kwa Kurejelea Ukanda wa Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uhusiano baina ya zana mbili zinazotumiwa kila siku maofisini na mikononi mwa wananchi: zana inayoorodhesha hati, ambayo hapa inaitwa kidhibiti faili, na zana inayozifungua ili zisomwe, ambayo hapa inaitwa kisomaji hati. Yakirejelea ukanda wa mpaka wa Busia na Tororo, makala yanaonyesha kwamba katika masjala ya karatasi kazi hizo mbili zilikuwa mikononi mwa karani mmoja. Kwamba filamu ndogo za kumbukumbu zilizitenganisha. Na kwamba kompyuta na simu zimerithi utengano huo na kuuficha nyuma ya alama ndogo inayobofywa. Makala yanadai kuwa uchaguzi wa kisomaji hati si suala la ufundi peke yake. Ni suala la sera ya kumbukumbu na sera ya lugha, hasa pale ambapo neno faili limeingia katika Kiswahili mara mbili likiwa na maana mbili. Mwisho, makala yanapendekeza vigezo sita vya uchaguzi huo.

1.0 Utangulizi

Gombolola la Lunyo limo katika Wilaya ya Busia, mashariki ya Uganda, katika nchi ya Wasamia na Wagwe. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Busia ya Kenya, wako Wasamia wengine pamoja na Wakhayo, Wamarachi, Wanyala na Wateso. Ukielekea kaskazini unafika Tororo, kwenye Wajopadhola na Wateso, na magharibi yake Butaleja, kwenye Wanyole. Lugha za nyumbani ni nyingi. Lugha ya soko la Busia na ya madereva wa malori wanaosubiri zamu Malaba ni Kiswahili.

Ukanda huu unafaa kuchunguzwa na mtafiti wa hati kwa sababu moja ya msingi: hapa hati moja husomwa na dola mbili. Cheti cha uasili wa bidhaa hutolewa upande mmoja na kukaguliwa upande wa pili. Taarifa ya mipaka ya ardhi iliyoandikwa chini ya utawala mmoja huja kutafutwa na wajukuu walio chini ya utawala mwingine. Katika mazingira hayo, swali linaloonekana dogo huwa kubwa: msomaji akiwa mbele ya orodha ya hati, ni kitu gani kinachomfikisha kwenye hati anayoitaka, na ni kitu gani kinachomrudisha kwenye orodha akishaisoma?

Katika kompyuta na simu za leo, swali hilo hujibiwa na programu mbili zilizotengenezwa aghalabu na watu tofauti. Kidhibiti faili huonyesha majina, tarehe na mahali pa kila faili. Kisomaji hati huonyesha yaliyomo. Baina yao kuna kiungo ambacho mtumiaji hakioni, na kiungo hicho ndicho mada ya makala haya. Historia yake inasomwa hapa sambamba na historia ya istilahi zake, kwa kuwa mara nyingi kasoro ya chombo huonekana kwanza katika neno linalokitaja.

2.0 Masjala: orodha na usomaji chini ya paa moja

Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka mpya ulifuata kwa sehemu Mto Sio na kuwagawa Wasamia. Tangu wakati huo kumbukumbu za watu hao ziliandikwa katika ofisi za aina mbili. Upande wa magharibi, nchi ya Bukedi ilikuwa imeingizwa katika utawala kupitia Semei Kakungulu na mawakala wake wa Kiganda. Walileta mfumo wa masaza na magombolola, na pamoja nao Luganda kama lugha ya utawala na ya kanisa. Upande wa mashariki, utawala ulianzia Mumias, kituo cha misafara ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19.

Jaribio la kuziunganisha pande hizo kwa Kiswahili lilifanyika mapema. Mwaka 1927 Gavana wa Uganda, William Gowers, alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliupinga mpango huo kwa maandishi, na haukusimama Uganda. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa na kuanza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya nchi zote nne zilizokuwa chini ya Uingereza. Hata hivyo, katika ofisi za mpakani, Kiingereza ndicho kilichobaki lugha ya jalada.

Pamoja na tofauti hizo za lugha, mfumo wa masjala ulikuwa mmoja pande zote mbili. Kila jalada lilikuwa na namba na kichwa cha habari. Kila karatasi iliyoingizwa ndani yake ilipewa namba yake kwa mfuatano. Jalada lilipotoka masjalani, jina la aliyelichukua na tarehe viliandikwa katika daftari la mwenendo wa majalada. Ofisa aliyetaka barua fulani hakuletewa barua hiyo peke yake. Aliletewa jalada zima, likiwa limefunguliwa mahali panapohusika, na karatasi zilizotangulia na zilizofuata zikiwa mahali pake. Alipomaliza, jalada lilirudi rafuni.

Mambo manne katika utaratibu huo yanastahili kukumbukwa, maana yatarejea mbele katika sura nyingine. Kwanza, hati ilisomwa pale ilipohifadhiwa, bila kunakiliwa. Pili, msomaji aliona jirani za hati, si hati tupu. Tatu, maoni ya ofisa yaliandikwa ndani ya jalada lilelile, kwa hiyo yalisafiri nalo. Nne, njia ya kurudi ilijulikana. Aliyeyaunganisha haya yote alikuwa karani wa masjala, ambaye kwa wakati mmoja alikuwa kidhibiti na mfunguaji. Masjala ilikuwa na maovu yake: ilikuwa ya wachache, majalada yalipotea, na mwananchi aliyeandikwa ndani yake hakuruhusiwa kuyagusa. Lakini orodha na usomaji havikutengana.

3.0 Filamu ndogo: hati inasafiri, orodha inabaki

Utengano wa kwanza haukuletwa na kompyuta. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilinakili katika filamu ndogo sehemu kubwa ya kumbukumbu za majimbo na wilaya za Kenya, zikiwamo taarifa za kila mwaka za wilaya. Sheria iliyounda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya ilipitishwa mwaka 1965, na kazi ya kunakili ilikwenda sambamba na ujenzi wa hifadhi hiyo. Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer walitayarisha kitabu cha kuwaongoza wasomaji.

Faida ilikuwa kubwa. Mtafiti aliye maelfu ya maili kutoka Kisumu au Kakamega aliweza kusoma taarifa za North Kavirondo, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha nchi ya Wasamia wa upande wa Kenya. Lakini namna ya kusoma ilibadilika. Kitabu cha mwongozo kilikuwa juu ya meza, na filamu ilikuwa ndani ya mashine. Kitabu kilisema hati iko katika mkanda fulani. Mashine ilionyesha picha moja baada ya nyingine bila kujua msomaji ametokea wapi katika orodha. Maoni yake aliyaandika katika daftari lake mwenyewe, na daftari hilo halikurudi kwenye filamu.

Hapo ndipo kisomaji hati kilipozaliwa kama chombo kilichojitenga. Mashine ya filamu ndogo ilikuwa na ubora wa kukuza maandishi na kulinda karatasi za asili zisichakae. Ilichokosa ni kumbukumbu ya mahali. Wanahistoria waliokulia katika mashine hizo walijizoeza kuandika namba ya mkanda na namba ya picha kwa kila dondoo, kwa sababu chombo hakikuwakumbushia. Nidhamu hiyo ya binadamu ilijaza pengo la zana. Ujuzi huo haukurithiwa na watumiaji wa kompyuta, ambao waliahidiwa kuwa mashine ingekumbuka kila kitu.

4.0 Kompyuta: namna tatu za kuunganisha

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star. Kioo chake kilichorwa kama meza ya ofisi: hati ndani ya folda, folda ndani ya kabati. Mtumiaji aliifungua hati yenyewe bila kutaja programu. Mwaka 1984 Macintosh ya Apple ilieneza wazo hilo, na kila faili ilibeba alama mbili zilizofichwa: aina yake na programu iliyoizaa. Mifumo ya Microsoft ilishika njia nyingine, ya kutambua aina kwa herufi chache mwishoni mwa jina. Mwaka 1992 kanuni iitwayo MIME, iliyobuniwa kwa ajili ya barua pepe, ilitoa namna ya tatu ya kutaja aina ya kitu kinachotumwa. Namna hizo zinaishi pamoja hadi leo, na migongano mingi baina ya vidhibiti na visomaji chanzo chake ni hapo: kimoja huamini jina, kingine huamini yaliyomo.

Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilitoa muundo wa PDF, uliokusudiwa kuonyesha ukurasa uleule katika mashine yoyote. Mwaka 2008 muundo huo ulitangazwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Tokeo lake kwa mada yetu ni kwamba hati iliyokamilika ilitengana na programu iliyoiandika. Tangu hapo mtumiaji alihitaji chombo cha kusomea tu, na vyombo hivyo vikawa vingi. Kisomaji xpdf kilitoka mwaka 1995. Evince kiliingia katika mazingira ya GNOME mwaka 2005 na kuchukua nafasi ya visomaji viwili vilivyokitangulia. SumatraPDF kilianza mwaka 2006 kwa watumiaji wa Windows. Okular, kilichoanza kuandikwa mwaka 2005, kilishika nafasi yake katika mazingira ya KDE mwaka 2008.

Katika kipindi hicho wabunifu walijaribu namna tatu za kuunganisha orodha na usomaji. Namna ya kwanza ni kumeza: kisomaji huingizwa ndani ya kidhibiti. Konqueror, kilichotoka na KDE 2 mwaka 2000, kilikuwa kidhibiti faili, kivinjari cha wavuti na kisomaji kwa pamoja. Hati ilifunguka katika dirisha lilelile lililoonyesha folda, na kitufe cha kurudi kilimrudisha msomaji pale alipotoka. Kwa upande wa mwendo wa msomaji, hakuna chombo kilichoikaribia masjala kuliko hicho. Hata hivyo, mwaka 2008 KDE iliweka Dolphin kuwa kidhibiti chake cha kawaida, chombo chepesi kilichojishughulisha na faili tu. Chombo kinachofanya kila kitu kilikuwa kimewalemea wengi.

Namna ya pili ni kukabidhi: kidhibiti huipeleka faili kwa kisomaji kilichoteuliwa, kisha hujitoa. Hii ndiyo namna iliyoshinda. Wepesi wake unatokana na kwamba kila chombo kinaweza kubadilishwa bila kukigusa kingine. Udhaifu wake ni kwamba baada ya makabidhiano hakuna anayewajibika kwa njia ya kurudi.

Namna ya tatu ni kuchungulia: mtumiaji huona ukurasa bila kuifungua faili. Mfumo wa Windows Vista ulikuwa na kidirisha cha kuchungulia, na mwaka 2007 Apple ilitoa Quick Look, ambapo mtumiaji huteua faili na kubonyeza kitufe cha nafasi. GNOME ilipata chombo kama hicho, Sushi, mwaka 2011. Kwa mtu mwenye faili 200 zilizochanganuliwa kutoka karatasi, zote zikiwa na majina ya namba tupu, kuchungulia huokoa siku nzima. Lakini kuna gharama ya usalama: ili kuchora kijipicha cha kila faili, mfumo hulazimika kuisoma faili ambayo mwenyewe hajaamua kuifungua. Faili yenye hila huweza kuleta madhara kabla ya kubofywa, na ndiyo maana baadhi ya mifumo sasa huitenga kazi hiyo katika eneo lisilogusa kitu kingine.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi suala hili linavyogusa kumbukumbu zenyewe. Kwa miaka kadhaa Okular ilihifadhi maoni ya msomaji nje ya hati, katika eneo la siri la mtumiaji, hadi uwezo wa kuyaandika ndani ya PDF ulipoongezwa mwaka 2012 na kuboreshwa baadaye. Katika kipindi hicho, aliyepigia mistari taarifa ya kurasa mia na kumtumia mwenzake alimtumia hati tupu. Faili ilisafiri, maoni yalibaki nyumbani. Karani wa masjala angeshangaa, kwa kuwa kwake maoni yasiyo ndani ya jalada hayakuwa maoni ya ofisi.

5.0 Simu mpakani

Ukanda wa Lunyo, Busia na Tororo uliingia katika enzi ya hati za kidijitali kwa mlango wa simu zaidi kuliko mlango wa kompyuta. Wakati huohuo taratibu za mpaka zilibadilika. Mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua Kituo cha Pamoja cha Mpaka cha Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja, katika nchi wanayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Kwa mfanyabiashara mdogo upo utaratibu wa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani.

Maofisa wamewekwa chini ya paa moja. Hati ndani ya simu zimeendelea kutawanyika. Mfumo wa Android tangu mwanzo umefuata namna ya kukabidhi. Programu moja hutangaza kwamba ina hati ya aina fulani, na mfumo huuliza ni programu ipi ipewe. Tangu toleo la 7, lililotoka mwaka 2016, programu zilizoandikwa kwa ajili ya matoleo mapya haziruhusiwi kupeana anwani halisi ya faili. Kinachotolewa ni kibali cha kusoma yaliyomo. Sababu ni njema, nayo ni kulinda faragha. Lakini tokeo lake ni kwamba kisomaji mara nyingi hakijui hati imetoka katika folda gani, hakiwezi kumpeleka msomaji kwenye hati jirani, na baadhi yao huunda nakala yao wenyewe. Mwaka huohuo wa 2016 WhatsApp ilianza kuruhusu utumaji wa hati, na hivyo ikawa kabati la pili la nyaraka, lenye mpangilio wa mazungumzo badala ya mpangilio wa mada.

Chukua mfano wa cheti kimoja kilichopakuliwa mara tatu. Simu itakuwa na faili tatu zenye jina moja, mbili za mwisho zikiwa zimeongezewa namba katika mabano. Ikiwa ya kwanza imekwisha muda wake na ya tatu ndiyo halali, kidhibiti faili kinaweza kuonyesha tarehe za kupakuliwa. Kisomaji, baada ya kukabidhiwa, huonyesha ukurasa tu. Mchuuzi wa samaki anayefika dirishani huku foleni ikimsukuma hafungui kidhibiti faili. Hufungua orodha ya hati za karibuni ndani ya kisomaji, na orodha hiyo hupangwa kwa kigezo cha kilichosomwa mwisho, si kilichotolewa mwisho. Cheti kilichokufa ndicho kitakachotangulia. Kosa hapo si la mchuuzi wala la ofisa. Limezaliwa katika kiungo baina ya zana mbili, mahali ambapo hakuna aliyewekwa kulinda.

6.0 Neno faili lililoingia mara mbili

Kiswahili kina hazina nzuri ya maneno ya nyaraka. Hati, waraka, karatasi, daftari na sahifa yalikuja kwa njia ya Kiarabu na kuwa yetu kabla ya masjala za Kiingereza. Jalada linatokana na ngozi iliyofunika kitabu. Likatumika kwa gamba la kitabu, kisha kwa kifuniko kinachokusanya karatasi za shauri moja. Masjala yenyewe ni neno lenye asili ya Kiarabu, la kuandikisha na kusajili.

Neno faili liliingia kupitia ofisi za Kiingereza, likiwa na maana ya jalada: mkusanyiko wa karatasi nyingi za jambo moja. Maana hiyo ingali hai. Tunasema faili la mgonjwa limepotea, mafaili ya ardhi yamehamishwa. Kisha neno lilelile likaingia mara ya pili kupitia kompyuta, likiwa na maana ya hati moja. Katika maana hii ya pili, kile ambacho mwanzoni kiliitwa faili sasa kinaitwa folda. Kwa hiyo mtumishi aliyezoea masjala akielekezwa kufungua faili, anatarajia kukuta karatasi nyingi. Kompyuta inampa karatasi moja. Akielekezwa kutafuta folda, hana neno la masjala linalolingana nalo, ingawa kitu chenyewe anakijua tangu zamani.

Lugha imeanza kujitafutia dawa. Katika matumizi ya sasa kuna mwelekeo wa kuitenganisha maana mbili kwa ngeli. Faili la ofisini huelekea ngeli ya li-ya: faili hili, mafaili haya. Faili ya kompyuta huelekea ngeli ya i-zi: faili hii, faili hizi. Mwelekeo huu haujawa kanuni, na wasemaji wengi huvuka kutoka ngeli moja hadi nyingine katika sentensi ileile. Hata hivyo, unaonyesha kwamba wasemaji wamehisi tofauti ambayo waunda istilahi hawajaitamka. Makala haya yenyewe yamefuata mwelekeo huo.

Juhudi za kuzipa programu sura ya Kiswahili zilichukua kasi mwaka 2004. Mwaka huo Microsoft ilitangaza mpango wa kutoa programu zake kwa Kiswahili, na mwezi Desemba mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa. Kazi hizo zilikuwa za thamani kubwa, lakini zilitafsiri programu moja moja. Katika GNOME na KDE tafsiri ya Kiswahili ingali haijakamilika. Hivyo mtumiaji anaweza kuwa na kidhibiti faili kinachozungumza Kiswahili na kisomaji kinachozungumza Kiingereza, au visomaji viwili ambavyo kimoja kinasema hati na kingine waraka. Kukatika kwa kiungo cha programu kunaambatana na kukatika kwa kiungo cha maneno, na mtumiaji hupotea mara mbili katika hatua moja.

7.0 Vigezo vya uchaguzi

Kutokana na historia hii, taasisi inayochagua kisomaji hati isiulize tu kama kinafungua PDF. Vyote hufungua. Makala yanapendekeza vigezo sita, ambavyo kila kimoja kinaweza kupimwa na mtumishi wa kawaida kwa dakika chache, kwa kutumia folda moja yenye hati za kazi yake.

(i) Kusoma mahali pake. Hati ifunguliwe pale ilipohifadhiwa. Baada ya kuifungua na kuifunga, hesabu ya faili katika simu au kompyuta isiongezeke.

(ii) Njia ya kurudi. Kisomaji kionyeshe jina kamili la faili, na kiwe na njia ya kufika kwenye folda yake au kwenye faili inayofuata. Matoleo ya karibuni ya SumatraPDF, kwa mfano, humwezesha msomaji kwenda kwenye faili inayofuata katika folda ileile.

(iii) Utambuzi wa aina. Kidhibiti na kisomaji vikubaliane kuhusu aina ya faili hata jina likiwa limekosewa. Jaribio ni rahisi: badilisha herufi za mwisho za jina la nakala moja, kisha ifungue.

(iv) Maoni kusafiri na hati. Pigia mstari sentensi moja, hifadhi, kisha ipeleke faili kwenye mashine nyingine. Mstari ukipotea, chombo hicho hakifai kwa kazi ya ofisi.

(v) Kuchungulia kwa usalama na bila mtandao. Vijipicha viwepo kwa ajili ya hati zilizochanganuliwa, lakini viweze kuzimwa kwa faili zitokazo nje. Na usomaji usitegemee intaneti.

(vi) Lugha moja katika zana mbili. Kidhibiti na kisomaji vyote viwe na kiolesura cha Kiswahili, na vitumie neno moja kwa kitu kimoja.

Hakuna chombo kinachotimiza vigezo vyote sita kwa kiwango kilekile. Kwa ofisi inayotumia kompyuta za Linux, ni busara kuchagua zana zilizokuzwa pamoja, kama Dolphin na Okular, au kidhibiti cha GNOME na kisomaji chake, kuliko kuchanganya. Ofisi inayotumia Windows na mashine za zamani hunufaika na kisomaji chepesi, huku ikikubali kwamba kazi za kujaza fomu zitahitaji chombo kingine. Kwa simu, kigezo cha kwanza na cha pili ndivyo vinavyopaswa kutangulia, kwa kuwa huko ndiko nakala zinakozaliana. Katika hali zote, kinachochaguliwa ni jozi ya zana. Zabuni inayotaja kisomaji peke yake imeacha nusu ya swali.

8.0 Hitimisho

Msingi wa kisheria wa kuyafanya haya kwa Kiswahili upo. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaelekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Kilichobaki ni kazi ya kuyashusha maazimio hayo hadi kwenye kioo ambacho mwananchi anakigusa.

Makala yanatoa mapendekezo matatu. La kwanza linaielekea Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya lugha: itolewe orodha fupi ya istilahi za uhifadhi na usomaji wa hati, ambapo hati itakuwa kitu kimoja kinachosomwa, faili ya ngeli ya i-zi itakuwa umbo lake katika kompyuta, na jalada lirejeshwe kazini kwa maana ya kile kinachoitwa folda. Neno jalada tayari linajulikana kwa kila aliyewahi kufungua shauri polisi au mahakamani; halihitaji kufundishwa upya.

La pili linazielekea wizara na mamlaka zinazotoa vyeti kwa njia ya kidijitali: tarehe ya kutolewa kwa hati iandikwe katika jina la faili lenyewe, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Hatua hii haihitaji programu mpya. Inafanya kidhibiti chochote kipange vyeti kwa usahihi, na kisomaji chochote kinachoonyesha jina kimwambie mwenye cheti kama anachokishika ni cha mwisho.

La tatu linawaelekea watafiti na wafadhili wa miradi ya tafsiri: vidhibiti na visomaji vitafsiriwe kwa jozi, na tafsiri ijaribiwe na watumiaji wa mpakani kabla ya kutolewa. Mtu wa Lunyo anayezungumza Lusamia nyumbani, Kiswahili sokoni na kusoma fomu za Kiingereza ofisini ataziona kasoro ambazo mtafsiri aliye mjini, mwenye kompyuta moja na lugha mbili, hawezi kuziona. Majaribio hayo yaanzie katika vituo vya Busia na Malaba, ambako hati moja tayari inasomwa na nchi mbili kwa siku moja.